Somo la Hesabu na Jiografia: London Hadi Paris, Kilomita Ngapi na Saa Ngapi?



Ukimwuliza mtu, "Toka hapa hadi mji fulani ni mbali kiasi gani?" utapata majibu ya namna mbili. Mmoja atasema, "Kilomita mia tatu." Mwingine atasema, "Aa, mwendo wa saa sita." Wote wamejibu, lakini hawakujibu jambo moja. Wa kwanza ametaja umbali. Wa pili ametaja muda. Vitu hivi viwili vinakwenda pamoja kama jembe na mpini, lakini jembe si mpini.

Katika somo la leo tutajifunza kupima umbali, kukisia muda wa safari ya ndege, na kusoma saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Tutatumia miji miwili ya Ulaya: London, mji mkuu wa Uingereza, na Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Tumeichagua kwa sababu njia za kusafiri kati yake ni nyingi, na hesabu zake ni nyepesi.

Mtu asiseme, "Ulaya inanihusu nini mimi mkulima?" Siku hizi vijana kutoka vijijini mwetu wanapata nafasi za masomo na kazi ng'ambo. Kijana anayesoma tiketi vibaya anaachwa na ndege, na nauli iliyochangwa na ukoo mzima inapotea. Kwa hiyo tuandae kalamu na karatasi, tuanze.

1. Miji yenyewe iko wapi?

London iko kusini ya Uingereza, kando ya mto Thames. Paris iko kaskazini ya Ufaransa, kando ya mto Seine. Katikati ya nchi hizi mbili ipo bahari nyembamba. Mahali inapobana zaidi, kati ya Dover upande wa Uingereza na Calais upande wa Ufaransa, upana wake ni kiasi cha kilomita 34 tu. Siku ya anga safi mtu aliyesimama Dover anaiona Ufaransa kwa macho.

Ukitazama ramani utaona kwamba Paris iko kusini ya London, na imeelekea mashariki kidogo.

2. Tupime umbali kwenye ramani

Kila ramani nzuri ina kipimio chake. Tuseme ramani yako imeandikwa kwamba sentimita 1 ni sawa na kilomita 50. Weka rula yako toka London hadi Paris. Utapata karibu sentimita 6.9.

Hesabu: 6.9 × 50 = 345.

Basi umbali ni kiasi cha kilomita 345. Waliopima kwa vyombo vya kitaalamu wanasema ni kilomita 344 hivi, toka katikati ya London hadi katikati ya Paris. Unaona, ndugu msomaji? Rula ya shule na akili timamu zimekufikisha karibu kabisa na wataalamu.

3. Umbali ni wa aina zaidi ya moja

Hapa wengi hukosea. Hizo kilomita 344 ni za mstari ulionyooka, kama kunguru anavyoruka. Lakini mtu si kunguru. Mtu hufuata njia.

Kwa barabara, safari ya London hadi Paris ni karibu kilomita 460, ukihesabu na sehemu ya kuvuka bahari. Kwa reli ni karibu kilomita 490. Mbona zimeongezeka hivyo? Kwa sababu barabara na reli haziendi moja kwa moja kuelekea Paris. Lazima kwanza zielekee kusini-mashariki, mahali bahari inapobana, zivuke, halafu ndipo zishuke kwenda Paris. Ni kama mtu ambaye shamba lake liko ng'ambo ya mto: shamba analiona, lakini lazima azunguke hadi kwenye daraja.

Kwa hiyo ukiambiwa "kilomita kadhaa", uliza: kwa njia gani?

4. Kasi, umbali na muda

Tukumbuke kanuni tatu tulizojifunza katika hesabu:

Kasi = umbali ÷ muda
Umbali = kasi × muda
Muda = umbali ÷ kasi

Sasa tuzitumie. Ndege kubwa za abiria, zikishafika juu, huruka kwa kasi ya kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Tuchukue katikati: 850.

344 ÷ 850 = 0.4 ya saa. Saa moja ina dakika 60. Kwa hiyo 0.4 × 60 = dakika 24.

Je, ni kweli abiria anatoka London na kufika Paris kwa dakika 24? Hata kidogo! Ratiba za ndege husema saa 1 na dakika 15, au saa 1 na dakika 20, au zaidi kidogo. Dakika nyingine zimekwenda wapi?

5. Dakika zinakopotea

Ndege haianzi safari na kasi ya 850. Tuifuate hatua kwa hatua.

Kwanza, muda wa ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa, wala si inapoacha ardhi. Kutoka hapo inatembea polepole kwa magurudumu hadi kwenye njia ya kurukia. Viwanja vikubwa kama Heathrow cha London vina ndege nyingi, nazo hupanga foleni kama watu kwenye kisima.

Pili, inaruka na kuanza kupanda. Kupanda kunataka nguvu, na kasi bado ni ndogo.

Tatu, katika safari fupi kama hii, ndege ikishafika juu haikai sana. Muda si muda rubani anaanza kuteremka, na akiteremka anapunguza kasi.

Nne, ndege haifuati mstari ulionyooka. Inafuata njia ilizopangiwa na waongozaji wa ndege walioko chini, ili isigongane na nyingine. Tena lazima itue ikiukabili upepo, kwa hiyo mara nyingine huzunguka ili ipate upande unaofaa.

Tano, ikishatua inatembea tena kwa magurudumu hadi inapoegeshwa.

Sasa tukokotoe kasi ya kweli. Toka kiwanja cha Heathrow hadi kiwanja cha Charles de Gaulle cha Paris ni kilomita 348 hivi. Tuseme ratiba inasema saa 1 na dakika 20, yaani dakika 80.

348 ÷ 80 = 4.35 kwa dakika. 4.35 × 60 = 261.

Ile 850 imeshuka ikawa 261! Hapa tunapata fundisho: safari ikiwa fupi, kupanda na kuteremka hula sehemu kubwa ya muda. Safari ikiwa ndefu, ndege hupata nafasi ya kukimbia. Kwa mfano London hadi Athens, mji mkuu wa Ugiriki, ni karibu kilomita 2,400. Umbali huu ni karibu mara 7 ya ule wa Paris. Lakini ndege huchukua kiasi cha saa 3 na dakika 40, ambazo hazifiki hata mara 3 ya muda wa Paris.

6. Mlango hadi mlango

Bado hatujamaliza. Abiria halali uwanjani. Ana nyumba anakotoka na nyumba anakokwenda. Kiwanja cha Heathrow kiko magharibi ya London, zaidi ya kilomita 20 toka katikati ya mji. Charles de Gaulle nacho kiko kaskazini-mashariki ya Paris, kiasi cha kilomita 25 toka katikati. Tena abiria anatakiwa afike mapema ili akaguliwe mizigo na paspoti.

Tufanye makadirio ya safari nzima kwa ndege:

- Toka mjini London hadi uwanjani: saa 1
- Kufika mapema na kukaguliwa: saa 2
- Safari ya ndege: saa 1 na dakika 20
- Paspoti na kuchukua mizigo: dakika 40
- Toka uwanjani hadi mjini Paris: dakika 45
- Jumla: saa 5 na dakika 45

Sasa treni. Kati ya miji hii kuna treni ya umeme iitwayo Eurostar, ambayo hupita ndani ya handaki chini ya bahari. Huchukua kama saa 2 na dakika 20. Stesheni zake ziko ndani ya miji yenyewe: St Pancras kwa upande wa London, na Gare du Nord kwa upande wa Paris. Paspoti za nchi zote mbili hukaguliwa kabla ya kupanda, kwa hiyo ukishuka unatoka moja kwa moja.

- Toka nyumbani hadi stesheni: dakika 30
- Kufika mapema na kukaguliwa: saa 1 na dakika 15
- Safari ya treni: saa 2 na dakika 20
- Kushuka na kutoka stesheni: dakika 15
- Jumla: saa 4 na dakika 20

Ajabu, siyo? Chombo chenye kasi ndogo kimemtangulia chenye kasi kubwa, tena kwa saa 1 na dakika 25. Tukigawa zile kilomita 344 kwa muda wote wa safari, aliyepanda ndege amekwenda kwa wastani wa kilomita 60 hivi kwa saa. Hiyo ni kasi ya basi la kawaida! Aliyepanda treni amekwenda kwa wastani wa karibu 79.

Haya ni makadirio. Anayekaa jirani na uwanja wa ndege hesabu yake itakuwa nyingine. Lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo: hesabu safari yote, usihesabu kipande kinachopendeza tu.

7. Walivyovuka zamani

Tarehe 7 Januari 1785, Mfaransa Jean-Pierre Blanchard na daktari John Jeffries, mzaliwa wa Marekani, walivuka bahari hiyo kwa puto kubwa lililojazwa gesi. Walikuwa wa kwanza kuivuka kwa njia ya anga. Puto lilipoanza kushuka kuelekea majini, walitupa mizigo, na mwisho wakatupa hata baadhi ya nguo walizovaa ili wawe wepesi. Walifika Ufaransa salama, ila kwa baridi kali.

Tarehe 25 Julai 1909, Mfaransa Louis Blériot alivuka kwa ndege ndogo aliyoitengeneza, toka Calais hadi Dover. Alitumia kama dakika 37. Gazeti moja la Uingereza lilikuwa limeahidi zawadi ya paundi 1,000 kwa atakayeweza, naye akaipata.

Tarehe 25 Agosti 1919, muda mfupi tu baada ya mkataba wa amani kutiwa sahihi, ilianza safari ya ndege ya kila siku kati ya London na Paris. Ndege ya kwanza ilichukua abiria mmoja tu pamoja na vifurushi. Ilitumia kama saa 2 na nusu.

Tarehe 6 Mei 1994, Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza na Rais François Mitterrand wa Ufaransa walifungua handaki la reli. Urefu wake ni kilomita 50 na nusu karibu, na kati ya hizo, karibu 38 ziko chini ya bahari. Treni za abiria zilianza Novemba mwaka huo huo. Mwaka 2007 Waingereza walikamilisha reli mpya upande wao, na treni ikaweza kukimbia hadi kilomita 300 kwa saa katika nchi zote mbili. Ndani ya handaki lakini hupunguza mwendo hadi 160.

Tazama basi: treni ya leo inatumia muda unaokaribiana na ule wa ndege ya mwaka 1919.

8. Saa za miji miwili hazilingani

Jua halichomozi kila mahali kwa wakati mmoja. Linaanza mashariki. Kwa hiyo dunia imegawanywa katika majira ya saa, na hesabu inaanzia Greenwich, sehemu ya London.

Paris iko saa 1 mbele ya London. London ikiwa saa 3 asubuhi, Paris ni saa 4 asubuhi. Miji yote miwili husogeza saa zake mbele Machi na kuzirudisha Oktoba, katika siku ile ile, kwa hiyo tofauti ya saa 1 haibadiliki mwaka mzima.

Jambo la kushangaza ni kwamba kwa jua lenyewe, Paris inaitangulia London kwa dakika 10 hivi tu. Ufaransa ilikuwa ikitumia saa za Greenwich. Mwaka 1940 jeshi la Ujerumani lilipoiteka Paris, saa za mji zikawekwa sawa na za Ujerumani, na baada ya vita Ufaransa ikabaki nazo. Kumbe saa ya ukutani inaweza kuamuliwa na watu kuliko jua!

Sasa shika sana neno hili: saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni saa za mji unaohusika. Saa ya kuondoka ni ya mji unakotoka. Saa ya kufika ni ya mji unakokwenda.

Mfano: Ndege inaondoka London saa 3:00 asubuhi na kufika Paris saa 5:20 asubuhi. Mtu atasema safari ni saa 2 na dakika 20. Amekosea. Toa ile saa 1 ambayo Paris imetangulia. Jibu ni saa 1 na dakika 20.

Kurudi: Ndege inaondoka Paris saa 3:00 asubuhi na kufika London saa 3:20 asubuhi. Je, imeruka kwa dakika 20? La! Safari hii unaongeza saa 1. Jibu ni lile lile, saa 1 na dakika 20.

9. Tiketi haijui saa ya Kiswahili

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo kwetu tunaosema Kiswahili. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Tiketi zinaanza kuhesabu usiku wa manane, hadi saa 24.

Kijana akiona kwenye tiketi "09:00", mdomo wake unasema "saa tisa", na moyo wake unawaza alasiri. Atakwenda zake kula, arudi alasiri akiwa ametulia kabisa. Ndege iliondoka saa 3 asubuhi, saa sita nzima zilizopita!

Kanuni ni nyepesi:

- Namba ikiwa 7 hadi 18, toa 6. Mfano 09:00: 9 − 6 = saa 3 asubuhi. Na 15:30 ni saa 9 na nusu alasiri.
- Namba ikiwa 19 hadi 23, toa 18. Mfano 21:00: 21 − 18 = saa 3 usiku.
- Namba ikiwa 0 hadi 6, ongeza 6. Mfano 02:00: 2 + 6 = saa 8 usiku. Na 05:15 ni saa 11 na robo alfajiri.

Mzazi mwenye mtoto anayesafiri, kaa naye jioni moja, mwandikie saa kumi hivi za namna hii, umwambie azigeuze. Ni kazi ya nusu saa.

10. Haraka ina gharama yake

Ndege huchoma mafuta mengi, hasa inapopanda. Moshi wake ni miongoni mwa mambo yanayoongeza joto duniani, na mkulima anayengoja mvua anayajua madhara ya majira kuvurugika. Treni ya umeme kati ya London na Paris inatoa hewa chafu kidogo sana kwa kila abiria ukilinganisha na ndege.

Ufaransa imelifikiria jambo hili. Mwaka 2023 ilipiga marufuku safari za ndege za ndani ya nchi pale ambapo treni inaweza kumfikisha abiria kwa chini ya saa 2 na nusu. Safari za kutoka kiwanja cha Orly, Paris, kwenda Bordeaux, Nantes na Lyon zilihusika. Safari ya London haihusiki, kwa sababu inavuka mpaka. Lakini unaona jinsi hesabu ya muda, kama hii tuliyoifanya leo, ilivyofika hadi bungeni ikawa sheria.

Maneno ya kukumbuka

*Kipimio cha ramani*: maelezo yanayoonyesha sentimita moja ya ramani ni kilomita ngapi za ardhi.
*Wastani wa kasi*: umbali wote ukigawanywa kwa muda wote.
*Majira ya saa*: mgawanyo wa dunia kwa saa, kuanzia Greenwich.

Maswali ya kujipima

1. Kwenye ramani nyingine sentimita 1 ni kilomita 20. Rula inaonyesha sentimita 17.2 toka London hadi Paris. Umbali ni kilomita ngapi?
2. Treni inakwenda kilomita 490 kwa saa 2 na dakika 20. Wastani wa kasi yake ni upi?
3. Athens iko saa 2 mbele ya London. Tiketi inasema: kuondoka London 08:00, kufika Athens 13:40. Ndege imechukua muda gani?
4. Geuza 22:45 na 06:10 ziwe saa za Kiswahili.
5. Kwa kujadiliana na wenzako: chukua safari moja mnayoifahamu, kama ya kwenda hospitali ya wilaya. Hesabuni muda wa mlango hadi mlango, pamoja na kungoja gari. Wastani wa kasi ni upi? Ni sehemu gani inayokula muda zaidi?

Majibu

1. 17.2 × 20 = kilomita 344.
2. Saa 2 na dakika 20 ni dakika 140. 490 ÷ 140 = 3.5 kwa dakika. 3.5 × 60 = kilomita 210 kwa saa.
3. Toka 08:00 hadi 13:40 ni saa 5 na dakika 40. Toa saa 2. Jibu: saa 3 na dakika 40.
4. Saa 4 na dakika 45 usiku (saa 5 kasorobo). Saa 12 na dakika 10 asubuhi.
5. Jibu la swali hili mnalo wenyewe. Mkigundua kwamba muda mwingi unaishia kituoni kungoja gari, na si barabarani, basi mmeshajua tatizo liko wapi. Liandikeni vizuri kwa namba, mlipeleke kwenye mkutano wa kijiji.